Unga wa Matembele

Jumatatu, 3 Machi

Mashuka matatu leo. Nimeyaloweka kwenye maji baridi na chumvi tangu asubuhi, sasa yako kwenye kamba. Majirani wanahesabu. Waache wahesabu.

Siku ya tisa Milembe anatoka damu. Ana miaka thelathini na mmoja, mtoto wangu wa pekee, na ninamfulia kama alipokuwa mchanga. Amerudi kwangu hapa Pasiansi tangu Januari kwa sababu mumewe, Daudi, anashinda Igogo akitengeneza mashine za boti na nyumbani kwao hakuna wa kumtazama. Ndivyo alivyosema Daudi. Mimi nasema amechoka kuuguza, ila hilo nimeliandika hapa tu.

Niandike hali ilivyo, maana siku hizi kichwa changu kinavuja. Moyo: vali moja ilibadilishwa Dar miaka miwili iliyopita, wakamwekea ya kutengenezwa. Kwa ajili ya hiyo vali anameza kila siku dawa ya kulainisha damu, mpaka mwisho wa maisha yake. Damu ikiwa nzito itaganda kwenye vali, na ikiganda pale amekwisha. Ikiwa nyepesi mno, atavuja. Wanampima kliniki, namba inatakiwa iwe kati ya mbili na nusu na tatu na nusu. Tumbo: endometriosisi. Nyama ya ndani ya kizazi imeota nje ya kizazi, na kila mwezi nayo inatoka damu. Kwenye ovari ya kushoto kuna uvimbe wa ukubwa wa limau. Dawa ya moyo inazidisha damu ya tumbo. Magonjwa mawili, na dawa ya ugonjwa mmoja ni adui wa mwingine.

Wingi wa damu yake ni saba. Inatakiwa kumi na mbili. Akipanda ngazi tatu za mlangoni anakaa chini.

Nina hasira na Mungu leo. Kesho nitatubu.


Alhamisi, 6 Machi

Nimeamua. Madaktari wamtazame vali, mimi nitamtengenezea damu.

Nyuma ya nyumba, pale maji ya mvua yanapojikusanya chini ya lile jiwe kubwa, matembele yamejaa mpaka yanavuka kwa jirani. Nimekata beseni zima, nikayaosha, nikayaanika juu ya jiwe. Jiwe la hapa likipata jua la saa tano linakausha kitu kuliko jiko. Bibi yangu kule Misungwi alikuwa akikausha majani ya kunde hivyo hivyo, nsansa, tukala kiangazi chote na hakuna aliyepungukiwa damu. Kesho nitatwanga, nitachekecha, unga utaingia kwenye kopo.

Nimefundisha Sayansi shule ya msingi miaka thelathini na mmoja. Vyakula vinavyoongeza damu: mboga za majani, maini, maharage. Nimeyaandika ubaoni mara ngapi? Watoto walikuwa wanayasema kwa kuimba.

Milembe hataki. Anasema kliniki walimwambia mboga za majani ale kidogo, kiasi kile kile kila siku, eti zinaingiliana na dawa ya moyo. Nikamwuliza zinaingilianaje. Hakuweza kueleza. Alisema siku ile waliongea haraka na Daudi alikuwa anataka kuondoka. Basi. Mtu hana damu, halafu anakatazwa mboga! Hawa watoto wa makoti meupe wangepita darasani kwangu ningewakaririsha. Sitabishana na mtu. Uji wa ulezi ni mweusi wenyewe, unaficha kila rangi.


Ijumaa, 7 Machi

Vijiko vitatu vya unga asubuhi, vitatu jioni. Nimezidisha sukari na ndimu. Amekunywa wote. Alisema uji wa leo una harufu ya shamba, nikamwambia ni ulezi mpya.

Sijisikii vibaya. Ndivyo nilivyomnywesha dawa za minyoo akiwa mdogo.


Jumapili, 9 Machi

Daudi alikuja baada ya ibada, na soda mbili na mkate. Shikamoo mama, marahaba, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini.

Suala ni vile vidonge vya tumbo. Daktari wa wanawake alimpa Milembe dawa ya homoni mwezi uliopita, ya kusimamisha hedhi kabisa ili ile nyama ya nje isinyae. Boksi halijafunguliwa. Daudi anasema ni uzazi wa mpango kwa jina lingine na baba yake hajakubali. Baba yake amesema mwanamke asiyeona siku zake ni bibi kizee, na yeye hakumwozea mwanawe bibi kizee. Daudi aliyarudia maneno hayo mbele ya Milembe, polepole, kama salamu alizotumwa.

Milembe alitazama chini. Nilitaka kumtupia Daudi ile soda usoni.

Lakini niandike na hili. Sikumtetea. Mimi mwenyewe siipendi ile dawa. Damu ikizuiliwa inakwenda wapi? Nikasema tusubiri wazee waongee. Milembe akanyanyuka, akaliweka boksi juu ya kabati.


Jumatano, 12 Machi

Damu imekata jana. Leo amefagia uwanja mwenyewe. Rangi imerudi kidogo kwenye kucha. Nilizitazama alipolala mchana, moja moja. Naujua unga wangu.


Jumatano, 19 Machi

Kliniki ya moyo. Namba imeshuka. Mwezi uliopita ilikuwa mbili na nane, leo moja na sita. Maana yake damu imekuwa nzito.

Daktari ni mwanamke, mpole, ana sauti ya kwaya. Aliuliza: unameza dawa kila siku? Milembe akasema ndiyo. Hukusahau hata siku moja? Hapana. Kuna dawa za kienyeji? Hapana. Umebadilisha chakula? Hapana. Alikuwa anajibu kweli tupu, kwa anavyojua yeye.

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na mkoba mapajani. Unga haukunijia akilini hata kidogo. Mboga si dawa ya kienyeji. Mboga ni mboga. Nilichofikiria ni kwamba Milembe anadanganya. Alikuwa mwongo mdogo tangu darasa la tatu, akificha madaftari chini ya godoro.

Dozi imepandishwa. Badala ya kidonge kimoja, kimoja na nusu.


Alhamisi, 20 Machi

Nimehesabu vidonge vyake akiwa anaoga. Hesabu ni sawa. Basi anavitupa.

Kuanzia leo anameza mbele yangu. Baada ya kumeza anafungua mdomo, ananyanyua ulimi, naangalia. Amefanya kama nilivyosema. Mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, ameolewa kanisani, amewahi kuendesha stesheneri peke yake na wasichana wawili chini yake. Nimeona aibu kidogo. Nimeona afadhali aibu kuliko jeneza.


Jumapili, 23 Machi

Anameza. Nimeangalia mdomo siku tatu. Huenda anakwenda kuvitapika chooni. Nimeanza kusimama nje ya choo.


Jumanne, 25 Machi

Hedhi imeanza na maumivu yameanza nayo. Anajikunja kama jani la mgomba kwenye moto, anauma kona ya mto. Nimemwekea chupa ya maji ya moto tumboni. Mama mmoja wa jumuiya alikuja kusalimu, akasema sote tumepitia hayo, akizaa yatakwisha. Nilimpa chai. Nilipaswa kumpa njia ya kutokea.

Unga: vijiko vinne sasa, asubuhi na jioni. Anapoteza damu, lazima irudi.


Jumatano, 2 Aprili

Siku mbaya.

Namba moja na tatu. Wamempiga picha ya moyo, na daktari ametuonyesha kwenye kioo: pembeni mwa vali damu imeanza kushika. Kitu kidogo, kama utando wa maziwa. Kikikatika kinaweza kupanda kichwani, na akipooza au akifa hakutakuwa na wa kumlaumu. Ikizidi kushika, ni kifua kupasuliwa upya. Alisema hivyo waziwazi na sauti ile ile ya kwaya.

Kisha akafunga faili akasema hapa kuna mtu hasemi ukweli, na mimi siwezi kutibu uongo. Alikuwa anamtazama Milembe. Mimi nikatikisa kichwa kumuunga mkono. Nikasema nimejitahidi sana, daktari, mpaka mdomo namkagua. Daktari akaandika kwa kalamu nyekundu juu ya faili: HAMEZI DAWA IPASAVYO. Milembe aliyasoma yakiwa yameelekea upande wa pili wa meza.

Vidonge viwili sasa kila siku. Na sindano za tumboni, asubuhi na jioni, za kuilainisha damu wakati tunangoja namba ipande.

Jambo moja jema. Wingi wa damu umefika tisa na nusu, kutoka saba. Daktari alishangaa, maana vidonge vya madini ya chuma, vya kuongeza damu, vinamshinda tumboni. Nilifurahi sana, nikajisifu moyoni njia nzima.


Ijumaa, 4 Aprili

Daudi amekuja siku ya kazi, na mafuta ya mashine mikononi. Daktari alimpigia simu kama mume. Alisimama mlangoni akasema mke wangu anajiua na mnanificha. Milembe akaapa. Aliapa kwa jina la baba yake marehemu, kitu ambacho hafanyi.

Daudi akanigeukia. Mama, wewe unaishi naye. Anameza, hamezi?

Nilisema sijui. Nilisema namba haziwezi kusema uongo.

"Mama, hata wewe?" Hayo tu. Akaingia chumbani. Hakupiga kelele, hakugonga mlango. Usiku hakula ugali. Uji alikunywa kwa sababu nilisimama pale mpaka ukaisha.


Jumanne, 8 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Nilikwenda kliniki peke yangu kuchukua sindano zilizobaki. Asubuhi pale kabla ya kuanza huduma, muuguzi anawapa somo wanaosubiri. Siku zote tulikuwa tunafika limekwisha. Leo nilikuwa wa kwanza kwenye benchi. Muuguzi ni kijana wa kike, angeweza kuwa mwanafunzi wangu wa mwisho. Ana picha kwenye karatasi ngumu, anazinyanyua. Nikafurahi, nikasema huyu anajua kufundisha.

Akauliza nani atanitajia mboga za kijani. Ualimu ni ugonjwa, nikanyoosha mkono. Matembele, nikasema. Vizuri sana mama, akasema, mpigieni makofi. Wakanipigia.

Akasema matembele, kisamvu, mchicha, majani ya kunde, zote zina kitu kinachosaidia damu kuganda. Anayemeza dawa ya kulainisha damu akizila nyingi, dawa inashindwa nguvu. Mzee mmoja akauliza, na zile za kukausha? Muuguzi akasema hizo ndizo zaidi. Zimepungua maji tu, kwenye kijiko kimoja kuna majani ya mkono mzima.

Vijiko vitatu, kisha vinne, asubuhi. Vivyo hivyo jioni. Mwezi mzima.

Aliendelea kufundisha, midomo inatembea, sikusikia. Niliinuka katikati ya somo, nikapita mbele ya watu wote, nikachukua sindano dirishani, nikatoka. Mimi niliyekuwa nawachapa watoto kwa kutoka darasani kabla ya kengele.

Nimefika nyumbani nimemwaga kopo lote chooni. Nimemwaga na maji juu yake. Milembe alikuwa kwenye mkeka uwanjani, akaniuliza mama unatafuta nini huko na kopo. Nikasema nasafisha.


Siku hiyo hiyo, jioni

Sitasema.

Nimeacha, na hicho ndicho cha maana. Namba itapanda yenyewe, daktari atafurahi, atafuta maandishi yake mekundu. Nani atafaidika nikisema? Daudi atanibandika jina mjini. Milembe ataninyang'anya kila kijiko.

Na kuna lingine. Daktari wa Dar aliniambia vali ya kwanza iliharibiwa na koo. Mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa, yakashuka moyoni. Nilikuwa namsukutuza maji ya chumvi na kumpeleka shule, kwa sababu mtoto wa mwalimu hakosi shule. Sikuwahi kumwambia. Mara moja mama anaweza kusamehewa. Mara mbili, sijui.


Jumatano, 9 Aprili

Namba mbili kamili. Imepanda. Daktari amesema unaona, ukimeza vizuri inawezekana. Vidonge vibaki viwili, sindano siku nne zaidi, arudi wiki ijayo.

Uji wa leo ulikuwa ulezi mtupu. Alisema ni mtamu kuliko wa siku zote.


Jumatatu, 14 Aprili

Ameamka na damu kwenye mswaki. Ana alama nyeusi pajani, upana wa kiganja, na hajaanguka. Tumbo lina alama za sindano, hilo tunalijua, lakini pajani hakuchomwa.

Namba inapanda, najiambia. Ndivyo tulivyotaka.

Amemeza viwili. Nimeangalia mdomo. Ulimi juu, ulimi chini. Fizi zilikuwa nyekundu.


Jumatano, 16 Aprili

Kliniki imetuambia vifaa vya kipimo vimeisha, vinatarajiwa baada ya Pasaka. Turudi Jumanne. Daktari yuko likizo, aliyekuwapo ametia saini tu: endelea na dawa.

Milembe hakumwambia habari ya fizi. Ameacha kuwaambia watu vitu. Mimi nilikuwa na nafasi. Daktari kijana, mbele yangu, kalamu mkononi, akauliza kuna la ziada, mama? Nikasema hakuna, asante, Pasaka njema.

Viwili. Mdomo.


Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Njia ya msalaba sikwenda. Hedhi imeanza. Inatoka kama bomba. Ile dawa ya kusimamisha bado iko juu ya kabati, na mkanda wake wa karatasi.

Nilimwuliza mchana kama ameze nusu tu leo. Akanitazama. Mama, ulisema namba haziongopi. Akameza viwili, akafungua mdomo mwenyewe kabla sijamwambia.


Jumamosi, 19 Aprili

Naandika nyuma ya karatasi ya kituo cha damu, kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji. Saa tisa alasiri.

Maumivu yalianza saa moja asubuhi. Alipiga ukelele. Nikasema ni yale yale ya kila mwezi, nikachemsha maji, nikajaza chupa. Saa mbili. Saa tatu. Akasema mama haya siyo yale. Nikasema vumilia. Sote tumemzoea akiumwa, akiumwa zaidi tunasema anadeka. Saa sita tumbo lilikuwa gumu na midomo imekuwa ya majivu. Ndipo nikakimbilia bajaji. Kwa muda wa saa tano nilimkandia mtu anayevuja kwa ndani.

Namba imevuka tisa. Tisa! Uvimbe wa ovari umepasuka na damu haijui kuganda. Wamemtundikia ya watu wanne.

Daktari wa moyo aliitwa kutoka likizo, alikuja na ndala. Akasema haiwezekani, dozi ile ile, kumebadilika nini? Milembe alikuwa hasemi tena. Korido ilikuwa imejaa watu.

Nilisema. Nilisema yote nikiwa nimesimama. Unga, uji, vijiko, kopo, tarehe.

Hakunifokea. Akasema: tulipandisha dozi kushindana na unga wako. Ukautoa unga, dozi ikabaki peke yake. Akaniuliza kama niliwahi kusikiliza somo la asubuhi. Nikasema ndiyo. Akasema mwishoni huwa tunawaambia, ukila nyingi usiache ghafla bila kutuambia. Mwishoni.

Nikamwomba kitu kimoja, faili. Alilifungua pale pale ukutani, akakata maandishi mekundu kwa mistari miwili, akaandika: alikuwa anameza dawa sawasawa. Akatia saini. Nilitaka kumshika mkono, akauondoa kwenda kuvaa glavu.

Kisha fomu ya ridhaa. Daktari wa upasuaji amesema ovari ya kushoto inatoka. Kizazi nacho kimegandamana na kinavuja, ikishindikana kukizuia kitatoka pia. Daudi yuko visiwani kwenye mashine ya mtu, simu haipatikani. Nani mwingine? Mama yake. Nimeandika jina langu kwa mwandiko wa ubaoni, herufi nzuri.


Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Yuko hai.

Ovari moja na kizazi vimetoka. Ovari ya kulia imebaki. Vali inafanya kazi, ule utando hauonekani tena. Daktari wa upasuaji amesema ana bahati. Nimekariri neno hilo kutwa nzima na bado sijalielewa.

Daudi amefika saa nne. Nimemwambia mimi mwenyewe, nje, chini ya kibaraza cha wodi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kizazi kimetoka chote? Nikasema chote. Hakuuliza lingine.


Alhamisi, 24 Aprili

Leo ameweza kukaa. Nilifunga pazia la kitanda.

Nilimweleza tangu jiwe mpaka fomu. Nilimweleza na habari ya koo. Nilitaka anitukane, nilikuwa nimejiandaa.

Alitazama dripu. Halafu akasema, "Ulinifungulisha mdomo, mama. Baada ya kujua. Siku kumi."

Nilihesabu. Zilikuwa kumi na moja. Sikumsahihisha.


Jumatano, 30 Aprili

Daudi ameleta sanduku la nguo za Milembe na cherehani yake. Ameviweka sebuleni, vimefungwa kamba vizuri, yeye ni fundi. Baba yake ameshaongea na watu wa Misungwi kuhusu msichana mwingine. Amesema hamwachi Milembe kwa ubaya. Nikamwuliza kuna kuacha kwa namna gani nyingine. Akasema shikamoo mama, akaondoka.

Namchukia. Ila kamba alizozifunga nimezifungua kwa mikono hii iliyotia saini, basi nimeshindwa hata kumchukia kwa raha.


Jumamosi, 3 Mei

Ametolewa. Amekuja kwangu kwa sababu hana pengine. Alilisema hivyo hivyo kwenye bajaji, bila ukali, akitazama barabara. Amechukua chumba cha nyuma, na ufunguo.

Daktari wa moyo alimwomba radhi kabla hatujaondoka. Alimwita dada, akasimama, akasema nilikukosea. Milembe alitabasamu. Sijaliona tabasamu lile nyumbani.


Ijumaa, 9 Mei

Nilikoroga uji wa mahindi, mweupe, nikaukoroga mbele yake. Aliushukuru. Nimeukuta jioni umefunikwa, una ngozi juu.

Nimeunywa mimi.


Jumapili, 18 Mei

Mvua imepungua. Wadudu wa ziwani wametanda tangu asubuhi, nimefunga madirisha.

Alikwenda kliniki peke yake Alhamisi. Namba mbili na saba. Aliniambia nilipouliza. Dawa anameza chumbani, mlango umefungwa, nasikia maji yakimiminwa kwenye glasi, na sisogei.

Anapika mwenyewe sasa. Amenunua sufuria mbili ndogo na mwiko. Leo amepika wali na sangara wa nazi. Akapakua sahani mbili, akafunika yangu kwa sahani nyingine, akaiweka mezani, akasema karibu mama. Yake akaenda nayo chumbani.

Samaki ameiva vizuri. Chumvi imekolea. Nimekula peke yangu, nikaosha sahani yangu, nikairudisha kabatini.